SOMO: Kupanga makaro katika vyumba vinavyoungana



Somo letu la leo ni juu ya sakafu. Wengine watauliza, makaro yana uhusiano gani na amani? Nasi tuliuliza hivyo, mpaka siku tulipoitwa kusuluhisha ugomvi katika nyumba moja ya mikutano, iliyojengwa kwa pamoja na familia zilizorudi kutoka ukimbizini na zile zilizobaki kijijini.

Nyumba hiyo ina ukumbi katikati, wenye upana wa mita 3,70 na urefu wa mita 6. Kila mwisho wa ukumbi kuna chumba cha mita 2,90 kwa 3, na milango miwili inatazamana. Kila kundi lilileta fundi wake. Mmoja alianza ukumbini, akafuata ukuta wa kushoto. Mwingine alianza chumbani, naye akafuata ukuta wake. Walipokutana mlangoni, mistari ilipishana kwa karibu sentimita 10. Kila mmoja akamlaumu mwenzake, na kabla ya jioni maneno hayakuwa tena ya makaro, bali ya nani alikimbia na nani alibaki.

Kwa kweli hakuna aliyepima vibaya. Kosa lilikuwa kuanza kutoka kuta mbili tofauti. Ukuta si kiongozi mzuri, maana mara nyingi haukunyooka. Vyumba vinavyoungana vinahitaji mstari mmoja unaopita katikati ya milango, kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Vuta uzi, uweke alama sakafuni. Kisha tafuta pembe ya mraba: pima sentimita 90 upande mmoja na 120 upande mwingine, kama umbali kati ya alama hizo mbili ni 150, pembe ni sawa.

Halafu hesabu kabla ya kuchanganya simenti. Karo letu lilikuwa la sentimita 30, na nafasi ya milimita 3 kati ya karo na karo. Ukianzia ukutani, ukumbi unachukua makaro 12 mazima na kubakiza kipande cha sentimita 6 tu. Kipande chembamba hivyo huvunjika upesi, tena kinaonekana vibaya. Ukiweka katikati ya karo juu ya mstari, unapata makaro 11 mazima na vipande vya sentimita 18 kila upande. Hiyo ni nzuri.

Lakini mpango huo huo, ukiingia vyumbani, unaacha vipande vya sentimita 8 hivi kwenye kuta zote mbili. Ukitaka kupendeza vyumba, weka nafasi ya makaro juu ya mstari. Ndipo ukumbi utabaki na vipande vya sentimita 3. Hapo hakuna hesabu itakayoridhisha kila mahali. Kamati ilikaa chini, mama mmoja akasema ukumbi ni wa watu wote, basi vyumba vyote viwili vikubali hasara ile ile. Wakakubaliana. Vipande vyembamba vilifichwa chini ya mabenchi na rafu.

Safari hii mafundi wote wawili walipanga safu moja ya makaro makavu, bila simenti, kutoka chumba mpaka chumba, na watu wakaja kutazama. Tunawashauri msiruke kazi hiyo, hata kama fundi ana haraka. Pimeni pia usawa wa sakafu milangoni kwa mpira unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Tofauti ndogo ya kimo inatosha kumkwaza mzee, au kuzuia mlango usifunguke.

Kuhusu ununuzi: eneo lote ni mita za mraba 39,6, sawa na makaro 440. Ongezeni sehemu moja kwa kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, jumla 484. Nunueni yote siku moja na mwangalie namba ya toleo kwenye makartoni, kwa sababu rangi hubadilika kutoka toleo hata toleo. Makaro yanayobaki yaandikwe katika daftari la kamati.

Swali la kujadili katika vikundi: katika jengo lenu la pamoja, nani atashika uzi upande huu, na nani upande ule?