Anayekunywa ni yeye, anayeumwa ni mimi

SWALI: Daktari, naandika kutoka Moshi. Mume wangu ni fundi seremala, fundi mzuri tu, kazi zake zinasifiwa hadi Arusha. Alianza na mbege kwenye shughuli kama wanaume wengi wa huku, ikaja bia, sasa ni gongo. Asubuhi hawezi kushika randa mpaka atoe loki kwa kunywa tena, mikono inatetemeka. Mwaka wa nne huu mimi ndiye ninayemfuata kilabuni usiku, mimi ninayelipa madeni yake grosari, na wateja wakipiga simu mimi ndiye ninayesema ana malaria. Nimemsema, nimelia, nimeita wazee, ameapa mbele ya mchungaji mara mbili. Rafiki yangu kaniletea unga wa kumtilia kwenye mchuzi ili aichukie pombe, bado sijautumia. Binti yetu wa miaka 12 akisikia tu geti linavyofunguliwa anajua baba kanywa kiasi gani. Presha yangu imeanza kupanda na usingizi sipati. Yeye habari ya hospitali hataki hata kuisikia. Nikienda mimi peke yangu, si wataniuliza mgonjwa yuko wapi?
Mama wa watatu, Moshi

JIBU: Mama, nitakuita Mama Neema, jina la kutunga, ili nisiwe naandika kwa mtu asiye na jina. Nianze na kile ulichofunga kwenye pindo la khanga: ule unga. Usiutumie.

Ukiwa wa miti shamba, hakuna anayejua una nini ndani yake wala kipimo chake ni kipi. Ukiwa ni vidonge vilivyosagwa, huenda ni disulfiramu, dawa halali ya hospitali ambayo huzuia mwili kumalizia kazi ya kuivunja pombe. Sumu inayobakia njiani hujaa kwenye damu. Mtu aliyeimeza akinywa, uso unawaka moto, anatapika, moyo unakwenda mbio, na presha inaweza kuporomoka. Wapo waliokufa hivyo. Daktari humpa mtu anayejua anachomeza na aliyekubali mwenyewe, baada ya kumpima. Mumeo hatajua lolote. Atakula mchuzi, atashukuru, ataelekea kilabuni kama kawaida yake. Na akija kugundua, kila sahani utakayomwekea mezani ataitazama mara mbili.

La pili ni ile mikono. Pombe huupoza ubongo. Ubongo unaopozwa kila siku hujiongezea kasi ili uweze kufanya kazi hivyo hivyo. Ukiikata pombe ghafla, kasi inabaki na breki imeondoka. Ndani ya saa chache mtu anatetemeka, anatoka jasho, anatapatapa. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka na degedege kama mwenye kifafa. Siku ya pili mpaka ya nne wengine hupandwa na homa, wakachanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo. Ndugu husema karogwa. Hajarogwa, ni ubongo unaodai pombe yake, na hali hiyo huua asipotibiwa.

Kwa hiyo, Mama Neema, usimfungie ndani ili aache. Wala shemeji zako wasimpeleke shambani akakae wiki bila pombe. Mtu anayehitaji kunywa asubuhi ili mikono itulie huachishwa chini ya uangalizi wa hospitali, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku hadi siku na vitamini B1, ambayo walevi wengi wamepungukiwa. Siku akiishiwa fedha, akakosa pombe na kuanza kutapatapa, mpeleke hospitali hiyo hiyo siku, na mweleze daktari ukweli kuhusu gongo. Usiseme malaria.

Unaona pia kwa nini viapo viwili kwa mchungaji havikufika mbali. Kuapa ni kazi ya ulimi, na huenda aliapa kwa moyo wote. Tetemeko liko kwenye ubongo.

Hesabu ya miaka minne

Sasa tuje kwako. Mtu atakayesoma barua yako anaweza kukuambia kwamba wewe ndiye uliyemdekeza. Mimi sisemi hivyo. Ulipolipa deni ulikuwa unalinda jina la nyumba. Ulipotaja malaria ulikuwa unalinda ada za shule, maana mteja akikimbia mnalala njaa wote. Ulipomfuata usiku ulikuwa unaogopa asije akalala mtaroni. Mke gani asingefanya?

Lakini piga hesabu ya mwezi. Pombe kanywa yeye. Deni umelipa wewe, uongo umesema wewe, usingizi umekosa wewe, na presha imepanda kwako. Kwake kimebaki kichwa cha asubuhi, nacho kina loki. Pombe yake imekuwa na gharama kubwa, ila bili inaletwa kwako.

Jambo hili liligunduliwa zamani na wanawake wa hali yako. Mwaka 1935, Bill Wilson na daktari Bob Smith, Wamarekani wawili waliokuwa walevi wa kupindukia, walianzisha AA, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Wake zao walikuja kutambua kwamba nao wameumia kwa namna yao, hata pale mume alipoacha. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill, na mwenzake walianzisha chama cha ndugu wa walevi kiitwacho Al-Anon. Huko hakuna anayefundishwa kumwachisha mtu pombe. Watu wanakaa, wanasimuliana, na wanapata kusadiki mambo matatu: ulevi wa mwenzako hukuuanzisha wewe, huwezi kuudhibiti, wala huwezi kuutibu kwa mikono yako.

Yachukue hayo matatu, lakini usiyaelewe kwamba mikono yako imefungwa. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa ndugu 130 wa walevi waliokataa tiba. Waliwagawa makundi matatu. Kundi moja liliandaliwa kwa kikao cha familia cha kumkabili mlevi kwa pamoja, mfano wa vikao vyetu vya wazee. La pili lilifuata njia ya Al-Anon. La tatu lilifundishwa kubadili mambo ya kila siku nyumbani. Katika kundi la vikao, walevi 30 katika kila 100 waliishia kukubali tiba. Katika kundi la Al-Anon, ambalo lengo lake si hilo, 13. Katika kundi la tatu, 64. Na ndugu wenyewe walipata nafuu ya moyo katika makundi yote matatu, hata pale mlevi alipobaki vile vile. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka uishike: nafuu yako haisubiri ruhusa yake.

Kilichofundishwa kundi la tatu

Ni mambo ya jikoni na sebuleni. Siku anayorudi mapema na akili zake, kuwe na tofauti inayoonekana: chakula cha moto, mkae wote, umwambie waziwazi kwamba leo watoto wamefurahi kumwona. Siku anayorudi kalewa, chakula kipo kwenye hotipoti na ninyi mmelala. Pasiwe na ugomvi wala mahubiri. Mlevi wa saa tano usiku hana sikio, na ugomvi utampa sababu ya kurudi kilabuni kesho.

Deni la grosari mwache alilipe mwenyewe. Nenda kwa mwenye grosari mchana, umwambie kwa heshima kwamba kuanzia leo hulipi. Simu ya mteja mpe mwenyewe aipokee. Hutasema uongo, wala hutamtangaza, utasema tu, "Huyu hapa, ongea naye." Anza na moja, lile unaloliweza. Kwa ada ya shule, usingoje ajirekebishe. Tafuta namna ya kuitenga mapema, iwe kwenye kikoba chako au benki.

Kuna ambayo hutayaacha. Ukimkuta hajitambui, mlaze ubavu ili matapishi yasimpalie. Asipoamka ukimtikisa, au akipumua kwa nadra, ni hospitali. Akilalamika kwamba macho yanaona ukungu baada ya gongo, ni hospitali pia, haraka, kwa sababu pombe ya magendo inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha na kuua.

Na maneno? Yapo, yana saa yake. Kwa mumeo saa hiyo huenda ni katikati ya asubuhi, tetemeko likiwa limetulia na mzunguko wa jioni haujaanza. Hasa baada ya siku aliyoaibika. Sema machache, useme yaliyokupata wewe, uache sifa za ulevi wake. Kwa mfano: "Baba Neema, jana niliogopa. Ukiwa kama ulivyo sasa, nyumba hii ina raha. Jumanne nakwenda hospitali kupima presha na kuongea na mtu wa ushauri. Ningefurahi twende wote." Akikataa, mwambie sawa. Jumanne nenda. Ukirudi, umfahamishe ulivyohudumiwa. Wengi hukubali kupitia mlango wa namna hii, siku moja ya majuto, na siku hiyo ikifika usianze kuulizia kliniki iko wapi. Uwe unaijua tayari.

Pa kwenda

Hapo Moshi, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi, au KCMC. Ulizia huduma za afya ya akili. Neno hilo lisikutishe. Huko ndiko ulevi unakotibiwa, na ndiko ndugu wa mgonjwa wanakopata ushauri. Presha nayo ipimwe siku hiyo hiyo. Walioko Dar es Salaam wana Muhimbili, wa Dodoma wana Mirembe. Wasomaji wa Kenya wana hospitali ya Mathari jijini Nairobi, na namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192. Mikutano ya AA ipo katika baadhi ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki, na Al-Anon ina mikutano ya mtandaoni, mingi kwa Kiingereza, unayoweza kuingia kwa simu yenye bando.

Utasikia pia kuhusu nyumba za upataji nafuu, ambazo watu wengi huziita soba hausi. Zipo nzuri. Kabla ya kulipa, uliza: imesajiliwa? Nani anamwona mgonjwa siku zile nne za mwanzo za kuacha pombe? Mnamfunga au kumchapa? Ndugu wanaruhusiwa kumtembelea? Anayekwepa maswali hayo, mwache.

Mtaani kwako chagua mtu mmoja asiyesambaza maneno: mama mmoja wa jumuiya, mwenzako wa kikoba, dada yako. Mweleze yote mara moja, bila kupunguza. Waswahili walisema mficha maradhi kilio humfichua, na maradhi yanayofichwa hapa sasa ni yako.

Ikiwa anakupiga, au anakutishia, niliyosema kuhusu hotipoti na maneno ya asubuhi weka kando kwanza. Panga mahali pa kukimbilia usiku na watoto, vyeti vyenu na fedha kidogo vikae kwa mtu unayemwamini, na ufike Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Hukuandika kwamba anapiga. Nimesema kwa sababu wengi hawaandiki.

Yule binti wa geti

Mama Neema, sentensi iliyonishika kwenye barua yako ni ile ya geti. Mtoto wa miaka 12 ambaye angekuwa anasikiliza redio au anafanya hesabu za darasa la sita, masikio yake yako nje, anapima komeo limegonga mara ngapi, limegonga kwa nguvu gani. Watoto wa namna hii mara nyingi ni wapole na wana adabu, na walimu huwasifia. Ndani yao hawapumziki.

Usimwambie baba ana malaria. Anajua, na uongo huo utamfundisha asiyaamini masikio yake. Mwambie baba anaumwa ugonjwa wa pombe. Mwambie hakuna alichokosea yeye kilichomfanya baba anywe, na hakuna atakachofanya kitakachomfanya aache. Mwambie anaruhusiwa kuongea na shangazi au mwalimu, na kwamba hilo halitakuwa kumwaibisha baba. Namba 116 ni ya bure kwa watoto, Tanzania na Kenya. Halafu mpe jioni moja kwa wiki isiyo na geti: kwaya, mpira wa pete, au kwa bibi yake.

Naye atakuangalia wewe. Amekuona ukitoka usiku na tochi, amekuona ukihesabu noti za deni. Akikuona siku moja umevaa vizuri, umefunga safari ya hospitali kwa ajili yako, atakuwa amejifunza jambo ambalo siwezi kumwandikia gazetini.

Kuhusu swali lako, ndiyo, watakuuliza. Pale dirishani pa kufungulia faili, kabla ya yote, watataka jina la mgonjwa. Taja lako.