Gari Lako Halivuti? Mwongozo kwa Dereva wa Barabara ya Ubundu

Umekanyaga mafuta hadi chini, injini inanguruma, lakini gari halikimbii na kilima kidogo tu kinalishinda. Kwa dereva wa kati ya Lubunga na Ubundu, kilomita 125 hivi za msitu, hilo si jambo la kuahirisha, kwani ukikwama katikati fundi yuko mbali na kipuri kiko mbali zaidi. Basi usinunue kipuri kwa kubahatisha. Kagua kwa mpangilio, ukianza na vitu visivyokugharimu hata franga moja.

Nianzie wapi?

Kumbuka tatizo lilianza lini. Kama ni baada ya kujaza mafuta, shuku mafuta. Kama ni baada ya kuvuka maji au tope, shuku filta ya hewa na breki. Kama nguvu imepungua kidogo kidogo kwa miezi, shuku filta, bujii au uchakavu wa injini. Usikubali kuambiwa kwamba ni mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, na dereva wa Goma au Butembo hulijua hilo. Lakini Kisangani, mji wenye Lubunga, iko mita 400 hivi tu juu ya usawa wa bahari.

Je, ni injini kweli?

Mara nyingi injini ni nzima, ila kuna kitu kinaizuia. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama mahali tambarare, kisha sogeza kiganja karibu na rimu ya kila gurudumu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kali kuliko mengine lina breki inayong'ang'ania, pengine kwa tope lililokauka. Osha, na ikiendelea, mwite fundi. Pima pia upepo wa matairi yakiwa baridi. Kipimo sahihi huandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Halafu jaribu klachi, ile ambayo wengi wetu huiita ambreyaji. Ukiwa gia ya nne, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta. Mlio wa injini ukipanda huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Kazi hiyo ni ghali, kwa sababu lazima gia boksi ishushwe.

Nitajuaje kama mafuta ni mabaya?

Esansi au mazutu ya kadafi, muuzaji wa barabarani, hupitia bidoni nyingi kabla ya kufika kwako. Chukua chupa safi isiyo na rangi, mimina mafuta kiasi, uiache itulie kwa nusu saa. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yatashuka chini na utauona mpaka kati yake. Kwa esansi, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe: esansi safi hukauka karibu bila alama, lakini iliyochanganywa na mafuta ya taa au mazutu huacha doa la mafuta. Fanya hivyo mbali na moto na sigara. Kuchuja kwa kitambaa huondoa takataka, lakini maji hupita.

Gari la mazutu lina filta ambayo mara nyingi huwa na skrubu chini yake. Ilegeze, maji yatoke mpaka yaje mafuta matupu, kisha ikaze. Filta iliyoziba ibadilishe.

Na filta ya hewa?

Injini isiyopumua haina nguvu, nayo hutoa moshi mweusi. Fungua kasha, toa filta, uielekeze kwenye jua. Usipouona mwanga, mpelekee kwado, fundi wa matairi, aipulize kwa kompresa, kutoka ndani kwenda nje. Usiioshe kwa esansi, wala usiendeshe bila filta, maana vumbi litakula silinda.

Bujii zinaniambia nini?

Bujii, au plagi, ndiyo inayotoa cheche kwenye injini ya esansi. Zifungue moja moja injini ikiwa baridi. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu ni dalili ya mafuta mengi au hewa kidogo. Ikiwa imelowa oili, hasa kama moshi nao ni wa bluu, injini inachoma oili. Nafasi ya ncha katika magari mengi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1, fuata kitabu cha gari lako. Ukibadilisha, badilisha zote kwa pamoja.

Lini niende kwa fundi?

Nenda kama taa ya injini inawaka au haya yote hayakusaidia. Omba gari lisomwe kwa skana, lakini elewa kwamba namba ya hitilafu huonyesha eneo la tatizo. Kipuri bado lazima kipimwe. Mwambie fundi aangalie pia mipira ya turbo iliyopasuka na eksozi iliyoziba. Kabla hujakubali injini ifunguliwe, dai mgandamizo wa kila silinda upimwe. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, hapo ndipo kuna hoja ya kufungua.

Uliza bei ya kipuri na bei ya kazi kila moja peke yake, kabla kazi haijaanza. Katikati ya mji wa Kisangani ni ng'ambo ya pili ya mto, kwa hiyo ukiwa Lubunga, vuka ukiwa na kipuri cha zamani mkononi na namba ya chasisi kwenye karatasi, usije ukarudia safari. Na kabla ya kurudi Ubundu, nunua filta ya mafuta ya akiba na uiweke garini pamoja na spana yake.