Mafunzo Niliyopata Kwenye Mikoko ya Port Reitz

Kwetu ni Lugulu, Bungoma, mbali na bahari. Kazi ya kukagua mikoko ndiyo iliyonifikisha Port Reitz, Mombasa, ambako Aprili 2005 meli ya Ratna Shalini ilimwaga takriban tani 200 za mafuta ghafi na kuchafua mikoko ya hekta 234.

1. Majani hayatoshi, chimba.
Mti ulioguswa na mafuta haufi siku ileile. Majani huweza kubaki mabichi kwa miezi huku mizizi ikikosa hewa. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, husimamisha vijiti vya kupumulia juu ya tope. Aina iitwayo mkoko hupumua kwa vitundu vidogo kwenye mizizi yake ya juu. Mafuta yakiziba hapo, mti husongwa taratibu. Kwa hiyo ukaguzi huanza na sepetu: chimba, ngoja maji yaingie shimoni, utazame kama yana utando unaong'aa rangi rangi. Kisha nusa. Tope la mikoko lenyewe hunuka kama yai viza, hivyo pua yahitaji mazoezi kabla ya kuitambua harufu ya mafuta ndani yake. Usiyapite mashimo ya kaa. Maji yakijaa hupeleka mafuta humo hadi chini, na pasipo hewa vijidudu huyavunja polepole mno. Huko Panama, baada ya mafuta kumwagika mwaka 1986, tope liliendelea kutoa mafuta kwa miaka.

2. Tafuta mikoko isiyoguswa ya kulinganisha.
Iwe ya aina ileile, inayofikiwa na maji kwa kiwango kilekile. Bila hiyo hujui kilichopotea.

3. Wenyeji wanajua maji yanakopita.
Mzee mmoja mvuvi wa kijiji cha Tsunza aliiangalia ramani yetu, akasema, "Mwanangu, huku mlikochora maji hayalali." Akatupeleka kwenye kona ambako bamvua huacha takataka zote. Mstari mweusi ulikuwa bado umeganda kwenye magome, kimo cha goti.

4. Kupanda si hatua ya kwanza.
Hili linaniumiza, kwa sababu wageni huja na miche na kamera kabla tope halijapimwa. Mche ukitiwa kwenye tope lenye mafuta, mara nyingi hufa. Panda michache ya majaribio, uifuatilie misimu kadhaa. Zibua mikondo iliyoziba. Penye maji yanayotembea na miti mizazi karibu, mbegu huelea zikaota zenyewe, tena za aina inayofaa mahali hapo. Wapandaji wengi hukimbilia mkoko tu kwa vile mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka.

5. Fidia ihesabiwe kwa miaka.
Mwaka 1988 takriban tani 5,000 za mafuta zilimwagika upande wa Makupa, Mombasa, na mikoko ya huko ikafa. Msitu wa namna hiyo haurudi kwa mradi wa mwaka mmoja. Nataka gharama za ufuatiliaji wa angalau miaka kumi ziandikwe kwenye hati ya fidia kabla mche wa kwanza haujanunuliwa, na wavuvi wa Tsunza walipwe kwa siku wanazotumia kuhesabu miche.