Usalama wa Mifumo Endeshi Huria katika Matumizi ya Kila Siku: Mfano wa Sachangwan

Makala haya yanachunguza dai linalorudiwa mara kwa mara katika kumbi za vyuo vikuu, kwamba mifumo endeshi huria ya tarakilishi, kama vile Ubuntu, Debian na Linux Mint, ni salama kuliko mifumo ya kibiashara. Dai hili lina ukweli ndani yake, ingawa sababu zinazotolewa aghalabu si zile zinazostahili.

Hapana budi kuanza na neno lenyewe. Kivumishi 'huria' kimezoeleka katika 'soko huria', ambako kila mtu huingia na kuuza apendavyo. Msikilizaji anaweza basi kudhani kuwa mfumo huria ni nyumba isiyo na komeo. Kilicho wazi hapa ni msimbo, yaani maagizo yaliyoandikwa na waundaji wa programu; yeyote ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyasambaza. Faili za mtumiaji hazifunguki kwa sababu hiyo. Fundi anaweza kumwonyesha kila mtu jinsi kufuli lake lilivyoundwa bila kumkabidhi yeyote ufunguo.

Mfano mwafaka ni kibanda cha kuchapa hati katika kituo cha biashara kama Sachangwan, kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret. Wateja wa vibanda vya aina hii huleta flashi diski zilizokwisha kupita katika tarakilishi nyingi. Wengine hujaza fomu za ushuru au za eCitizen, kisha huenda zao bila kufunga akaunti. Tarakilishi yenyewe huenda ikawa kuukuu, na Windows iliyomo ikawa nakala isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa programu ya magendo ambayo yenyewe huweza kubeba virusi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11.

Hapo Linux ina faida halisi. Virusi vilivyoundwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida havijiendeshi humo. Mtumiaji hafanyi kazi zake za kila siku kwa mamlaka ya msimamizi, hivyo programu ngeni haiwezi kubadilisha kiini cha mfumo bila kuomba neno la siri. Programu hupatikana katika hazina zilizotiwa sahihi ya kidijitali badala ya kuokotwa ovyo intanetini, na masasisho hayadai leseni. Ni kweli pia kwamba wahalifu hulenga penye watu wengi, na tarakilishi za mezani zenye Linux bado ni chache. Huo ni unafuu, si ubora. Aidha, mteja aliyeacha akaunti yake wazi hasaidiwi na mfumo wowote.

Hoja inayopendwa zaidi ni ile ya macho mengi, iliyoenezwa na Eric Raymond mwaka 1997: msimbo ukisomwa na wengi, kasoro hazifichiki. Historia haikubaliani nayo moja kwa moja. Mwaka 2006 badiliko dogo katika Debian lilidhoofisha funguo za siri zilizokuwa zikizalishwa, na kasoro hiyo ilitangazwa Mei 2008. Tukio la XZ la mwaka 2024 linafundisha zaidi. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwa zaidi ya miaka 2 kusaidia kutunza programu ya kubana faili inayotumiwa karibu kila mahali, akaaminiwa, kisha akapachika upenyo wa siri. Methali ya manahodha wengi haikufaa hapo: nahodha alikuwa mmoja, naye alikuwa amechoka. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alishuku baada ya kuona ucheleweshaji wa takriban nusu sekunde, akatangaza jambo hilo tarehe 29 Machi, kabla ya upenyo huo kufika katika matoleo thabiti ya Debian na Ubuntu. Uwazi ulimwezesha kuchimba hadi kwenye chanzo. Haukumlazimisha mtu mwingine yeyote kutazama.

Kwa anayepokea mfumo kwa flashi diski ya rafiki, tukio la Linux Mint lina uzito zaidi. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya mradi huo na kuwaelekeza wapakuaji kwenye nakala iliyotiwa sumu. Kulinganisha alama ya uhakiki ya faili na ile iliyotolewa na waundaji, kutoka chanzo cha kuaminika, huchukua dakika chache tu.

Sehemu inayowahusu wanaisimu ni onyo lenyewe. Onyo lisiloeleweka hubonyezwa 'ndiyo' ili litoweke. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na IT46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na hivyo kuthibitisha kuwa kazi hii yawezekana. Hata hivyo, istilahi ngeni huweza kufunga maana sawa na Kiingereza. Mteja anayesema 'pasiwadi' akiulizwa 'nywila' atasita, halafu atabonyeza. Tafsiri za Ubuntu hufanywa na wanaojitolea kupitia Launchpad, na mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kupendekeza 'neno la siri' mahali pa 'nywila' bila kujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.