Mtoto Habebi Mzigo wa Mzazi



Ndugu wasomaji, somo letu linahusu watoto ambao wazazi wao wameomba hifadhi ya ukimbizi wakakataliwa. Je, mtoto naye arudishwe bila kuangaliwa hali yake?

Tuanze na Qur'ani. Mwaka wa 6 Hijria, Mtume (S.A.W) alifunga mkataba na Makuraishi pale Hudaybiyya. Sharti mojawapo lilikuwa kuwarudisha watakaokimbilia Madina kutoka Makka. Akaja Ummu Kulthum bint Uqba, naye amekimbia kwa ajili ya dini yake, na kaka zake wakamfuata kumdai. Ndipo ikashuka aya ya 10 ya Suratul Mumtahina, iliyoamuru kwamba wanawake wanaohajiri wachunguzwe, na wakijulikana kuwa ni waumini wasirudishwe. Tuzingatie mpangilio huo: uchunguzi kwanza, uamuzi baadaye.

Sheria za leo nazo zinakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Hivyo ndivyo usemavyo Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ule wa OAU wa 1969, na hapa Uganda Sheria ya Wakimbizi ya 2006. Aliyekataliwa anaweza kukata rufaa, na uamuzi unaweza kufika mbele ya jaji kwa mapitio. Katika mapitio jaji hatoi hifadhi yeye mwenyewe. Anauliza: je, sheria ilifuatwa? Mhusika alisikilizwa? Kuna jambo la lazima lililoachwa? Hali ya mtoto ni jambo la namna hiyo.

Mfano ulio karibu nasi ni kesi iitwayo ZH (Tanzania), iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2011. Mama Mtanzania aliomba hifadhi mara tatu akakataliwa, na mara mbili kati ya hizo alitumia utambulisho wa uongo. Watoto wake wawili, waliozaliwa 1998 na 2001, walikuwa raia wa Uingereza kwa baba yao. Hoja ya kesi ilikuwa haki ya familia. Jaji Lady Hale alieleza kuwa maslahi ya mtoto ni jambo la kutangulizwa, na kwamba watoto hawalaumiwi kwa makosa ya mama yao. Maslahi hayo yanaweza kuzidiwa na mambo mengine mazito, lakini ni lazima kwanza yapimwe. Mama alishinda.

Sisi tunalijua fundisho hilo kutoka Suratul An'am, aya ya 164: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine.

Tufanye nini? Ndugu kutoka Congo na Burundi hutuomba tuwatafsirie au tuwaandikie. Kwanza, tusiongeze wala kupunguza neno. Uongo humdhuru yule yule tunayetaka kumsaidia. Pili, tumuulize habari za kila mtoto: umri, afya, shule, anaishi na nani, anaogopa nini, kisha tuziandike. Lisiloandikwa ni vigumu jaji kulipima. Tatu, tuisome barua ya kukataliwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa rufaa ina muda wake, na tumfikishe mhusika kwa mwanasheria.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa mashahidi wa haki. Wallahu a'lam.