Vidokezo: Kuunda Honda RC166 ya Plastiki

Tamiya, kampuni ya Shizuoka nchini Japani, huunda pikipiki za plastiki kwa kipimo cha 1/12, na kati ya zote, ninayompendekezea mtu anayependa mashine kwa dhati ni Honda RC166. Hii ndiyo pikipiki nyekundu na fedha ambayo Mike Hailwood, Mwingereza, alishindia mbio 10 za Grand Prix za daraja la cc 250 mwaka 1966, akatwaa ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akautwaa tena. Ukiamua kuiunda, haya hapa ya kuzingatia.

1. Ijue injini kabla ya kufungua gundi. Miaka ya 1964 na 1965 Phil Read wa Yamaha ndiye aliyekuwa bingwa wa cc 250, akiendesha pikipiki ya mipigo miwili. Injini ya namna hiyo hulipua mafuta kila kranki inapomaliza mzunguko mmoja. Honda walishikilia mipigo minne, ambapo mlipuko huja kila baada ya mizunguko miwili. Basi njia ya kumfikia Yamaha ilikuwa kuzungusha injini kwa kasi kubwa mno, na pistoni nzito haivumilii kasi hiyo. Wahandisi wakazigawa cc 250 katika silinda sita, kila moja ikawa na takribani cc 41 tu na vali nne za kwake. Matokeo: silinda sita, vali 24, kabureta sita, gia saba, na mizunguko ipatayo 18,000 kwa dakika. Bodaboda ya cc 125 iliyoegeshwa hapo nje ina silinda moja yenye ujazo wa silinda tatu za Honda hii. Ukilielewa hilo, kila kipande utakachokishika kitakuwa na maana.

2. Kusanya picha nyingi. Maelekezo ya ndani ya sanduku yatakuonyesha kipande kipi kinaingia wapi. Hayatakuonyesha jinsi waya wa klachi unavyojikunja ukielekea chini ya tangi, wala jinsi ekzosi inavyobadilika rangi pale inapotokea kwenye silinda. Tafuta picha za mashindano ya miaka hiyo na za pikipiki zilizohifadhiwa makumbusho. Kumbuka kwamba za makumbusho mara nyingi zimeng'arishwa kuliko zilivyokuwa siku ya mbio.

3. Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo vikiwa bado kwenye fremu yao, kisha viache vikauke. Mafuta ya kiwandani hubaki juu ya plastiki, na rangi haishiki juu ya mafuta.

4. Kata mara mbili. Mara ya kwanza kata mbali na kipande, mara ya pili karibu, kwa plaizi kali ya kukatia. Kinachobaki kiondoe kwa wembe na msasa laini. Ukikata kwa pupa unang'oa nyama ya plastiki na kuacha shimo, na kwenye bomba jembamba la fremu ya pikipiki shimo hilo litaonekana hata chini ya rangi. Pitia pia mstari wa kiwandani unaotembea katikati ya kila bomba. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato.

5. Usiipake injini rangi moja. Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hufifia, kilichochongwa kwa mashine hung'aa, na boliti zina rangi yake tena. Andaa fedha tatu au nne: moja iliyofifia, moja ya kijivu zaidi, moja inayong'aa. Ukimaliza, chukua rangi nyeusi iliyozimuliwa sana kwa thina, iache itiririke katikati ya mapezi ya kupozea silinda, halafu ufute juu kwa kitambaa. Hakikisha hiyo nyeusi ni ya aina tofauti na ya chini, isije thina ikayeyusha yote. Mapezi yatajitokeza moja moja, na hapo ndipo plastiki inapoanza kufanana na chuma. Ekzosi sita, tatu kila upande, zipake nyeusi isiyong'aa.

6. Tangi na kava la mbele vipulizie siku moja, kwa kopo moja. Nyekundu hubadilika kufuatana na kilicho chini yake: juu ya praima nyeupe itawaka, juu ya ya kijivu itazama. Ukipulizia tangi leo na kava mwezi ujao kwa praima nyingine, tofauti itakusumbua kila ukiitazama. Puliza tabaka nyembamba, uache kila moja ikauke.

Kwa wasomaji wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na kwingineko pwani: usipulizie lakeri siku ya mvua za masika. Unyevu ukinaswa ndani ya rangi inayokauka haraka, uso hugeuka mweupe kama ukungu. Ngoja siku kavu. Na kama unatumia rangi ya magari kutoka duka la vipuri, ijaribu kwanza kwenye fremu uliyobakiza baada ya kukata vipande, maana baadhi ya rangi hizo hula plastiki.

7. Heshimu rangi za namba. Enzi hizo kila daraja la Grand Prix lilikuwa na rangi yake ya ubao wa namba: cc 500 njano yenye tarakimu nyeusi, cc 350 bluu na nyeupe, cc 250 kijani na nyeupe. Kwa hiyo ubao wa RC166 ni kijani chenye tarakimu nyeupe. Stika ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu, ziteleze zenyewe kutoka kwenye karatasi, usizivute. Zikikauka kabisa, zifunike kwa vanishi nyembamba.

8. Nyaya ndizo zinazotofautisha modeli na mwanasesere. Kwa kipimo cha 1/12, waya wa milimita 6 kwenye pikipiki halisi unapaswa kuwa na nusu milimita mezani kwako. Waya wowote mnene kuliko huo utaifanya mashine yote ionekane ndogo. Ukikwama kuhusu mkunjo wa waya, mwombe fundi wa bodaboda akuonyeshe unavyopita kwenye pikipiki anayotengeneza. Waya wa klachi wa leo unapinda kwa sababu zilezile za mwaka 1966.

9. Matairi yasing'ae. Yapitishe kwenye msasa laini, ukikazia pembeni zaidi kuliko katikati, kwa sababu dereva wa mbio huilaza pikipiki kwenye kona. Breki za mbele ni za ngoma, si za diski, kwa hiyo usishangae ukikosa diski sandukuni.

10. Kava lisigandishwe kwa gundi. Liache liweze kuvuliwa. Ni dhambi kuzipaka rangi silinda sita kwa uangalifu wote ule halafu kuzifungia gizani. Iweke mbali na jua la dirishani, maana jua hufifisha nyekundu.

11. Ukitaka nyingine baada ya hapo, tafuta Honda NSR500 ya mwaka 1984, pia ya Tamiya. Ni pikipiki ya Freddie Spencer iliyowekewa tangi la mafuta chini ya injini na ekzosi kupita juu, pale ambapo kwa kawaida tangi hukaa. Mwaka uliofuata Honda waliurudia mpangilio wa kawaida, na ukishaiunda utaelewa ni kwa nini: kila kitu ambacho fundi angehitaji kukigusa kimezungukwa na bomba la moto.