Mafunzo Niliyopata Nilipobadilisha Piano Yangu

Piano yangu ya kusimama, ya Kiingereza, ilikaa nami Shinyanga miaka mingi, na kwaya nzima ilijifunza sauti zote nne kwayo. Kazi iliponihamishia Geita nilibadilishana na mwalimu mwenzangu wa muziki wa Mwanza: yeye akachukua yangu, mimi nikachukua piano yake ya umeme, na pesa kidogo akaniongezea juu.

1. Chunguza hewa kwanza, ndipo umwite fundi.
Ndani ya piano kuna nyuzi zipatazo 230, zimekazwa kwenye fremu ya chuma kwa nguvu ambayo jumla yake huzidi tani 15. Nyuma yake kuna ubao mwembamba unaokuza sauti. Wakati wa mvua ubao huo hunywa unyevu, hutanuka, sauti hupanda. Kiangazi husinyaa, na sauti hushuka. Shinyanga, tangu Juni hadi mvua za Novemba, hewa hukauka kwelikweli. Wapiga ngoma wa Kisukuma huotesha ngoma moto mpaka ngozi ikaze; piano haina dawa ya haraka hivyo. Fundi aliyekuja kuipima alipapasa ubao akasema, "Mwalimu, mbao hii imeshiba jua." Ndiyo maana nilitafuta mtu wa kando ya ziwa, ambako hewa haigeuki kwa ukali huo. Nilitaka iishi.

2. Jua vibao vyake vimefunikwa kwa kitu gani.
Hili lilinigusa kuliko yote. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, Tabora ya leo, wakashuka nazo mpaka Bagamoyo. Zikavushwa Unguja, na nyingi zikaishia jimbo la Connecticut, Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunika vibao vya piano. Huenda bega la babu wa mmoja wa waimbaji wangu lilichubuliwa na mzigo huo, na yeye asiisikie piano hata siku moja. Sidhani mpiga piano wa ukanda huu anaweza kulijua jambo hilo kisha akalipita tu.

Liko pia suala la sheria. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara ya serikali bila kibali. Kwa hiyo angalia kabla ya kuafikiana. Pembe ina mistari midogo kama ya mbao, na kila kibao cheupe kwa kawaida kimeungwa vipande viwili, kiungo kikionekana karibu na ncha za vibao vyeusi. Vyangu vilikuwa plastiki tupu, bila mstari wala kiungo.

3. Chagua chombo kwa ajili ya watakaokiimbia.
Kwaya zetu husoma nota za do-re-mi, na "do" huhamishika. Kwa hiyo piano yangu iliposhuka karibu nusu sauti, waimbaji hawakuhangaika. Tabu ilianza alipokuja mpiga tarumbeta. Piano ya umeme haishuki, na ina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Lakini nilisisitiza iwe na vibao 88 vyenye uzito. Vibao vyepesi huharibu mkono wa mwanafunzi, na kuusahihisha baadaye ni kazi ngumu.

4. Ijaribu polepole.
Piga noti moja, iachie idumu, sikiliza inavyofifia. Mbwembwe huficha kasoro.

5. Kubaliana bei na mtu atakayeipiga.
Hapa Geita fedha hufuata mwamba wa dhahabu. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema, mchango wa kwaya hukamilika upesi, likikauka, mnasubiri. Yupo aliyenitajia bei kubwa ili aiweke piano sebuleni iwe pambo. Nilikataa, na ningekataa tena.

6. Iandalie makao mapya.
Vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, huingia kila mahali, basi shona kifuniko cha kitambaa kizito. Umeme ukikatika, betri ya sola inatosha, maana piano ya namna hii hula umeme kidogo kuliko balbu ya zamani ya wati 60.

7. Kubali kwamba kuna kitu kimepotea.
Piano ya nyuzi hutetemesha sakafu, na ukikanyaga pedali ya kulia, nyuzi ambazo hukuzigusa huitikia zenyewe. Mashine huiga mwitikio huo vizuri, ila magoti yangu hayausikii. Waimbaji wa besi walikuwa wakisimama karibu kabisa na piano, wameegemeza migongo, wanaipokea noti yao kupitia mbao. Sasa nimewawekea spika chini, usawa wa miguu. Wanasema inasaidia kiasi, na mazoezini bado tunaisogeza huku na huku, tunatafuta mahali pake.